Kabla ya Kuitwa Usailini: Jalada la Kazi kwa Kijana wa Masasi na Newala

Kijana wa Newala aitwaye Dar es Salaam kusailiwa kwa kazi ya usanifu wa tajriba ya mtumiaji, yaani kazi ya kuhakikisha kuwa mtu ashikaye simu au aketiye mbele ya kompyuta anaelewa la kufanya na kulimaliza bila ya kufadhaika, aghalabu huwa amebeba katika kompyuta mpakato yake picha za kupendeza za programu ya kuagiza chakula, au ya kuita teksi, au ya kusikiliza muziki, zilizosanifiwa kwa ajili ya mji ambao hajapata kuukanyaga na watu ambao hajapata kuzungumza nao. Ilhali huko kwao, umbali mfupi kutoka mlango wa baba yake, ameliacha ghala la chama cha msingi ambako kila msimu wakulima hupokea stakabadhi na jumbe za simu, na si wachache miongoni mwao humwita mtoto wa shule awasomee. Kwa rai yangu kijana huyo ameiga kile ambacho wasaili wamekwisha kukiona kwa wengine hata kikawachosha, na ameacha nyuma kile ambacho asingekileta mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye.

Kazi yenyewe si ya zamani. Donald Norman, mwanachuoni wa elimu ya akili ya binadamu, alipojiunga na kampuni ya Apple nchini Marekani mwaka 1993 ndipo alipojipa cheo kilichobeba jina hilo la tajriba ya mtumiaji, na tangu hapo likaenea. Kwetu Tanzania cheo hicho hutafutwa na mabenki, kampuni za simu, mashirika yanayotengeneza programu za afya na kilimo, na mara moja moja idara za Serikali, ingawa humo mara nyingi hujificha chini ya jina pana la ofisa wa TEHAMA. Anayeomba Serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira, ambako aghalabu huanza na usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa vitendo, kisha wa mahojiano mbele ya jopo. Anayeomba kwenye kampuni binafsi hupigiwa simu ya utangulizi, huitwa kuwasilisha jalada la kazi zake, na pengine hupewa zoezi. Katika njia hii ya pili, lile jalada ndilo kiini, kwa kuwa shahada inaeleza ulichofundishwa na jalada linaeleza unavyofikiri.

Basi na tulitazame ghala hilo tulilolitaja, kwa kuwa ndani yake imo kesi ya kuwatosheleza wasaili wa daraja lolote. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho ghafi kwenye chama chake cha msingi, zikapimwa katika mizani na kutengwa daraja, naye akapewa stakabadhi. Chama husafirisha mzigo hadi ghala kuu. Kisha chama kikuu cha ushirika, ambacho kwa Masasi ni MAMCU na kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, huuingiza mnadani. Na fedha hurudi kupitia benki baada ya makato, ukiwemo ushuru wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3. Kwa miaka mingi barua za zabuni za wanunuzi zilifunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima wenyewe, nao wakanyoosha mikono kukubali au kukataa. Na haki hiyo ya kukataa haikuwa ya mapambo, maana Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba waligoma kuuza kwa bei walizosomewa, na mwezi uliofuata Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwaka 2024 mnada ukahamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei za juu za minada ya mwanzo zikapita shilingi 4,000.

Msanifu mwenye macho atatambua kwamba hapo pametokea jambo kubwa kuliko mabadiliko ya mitambo. Mzee aliyezoea kuiona bahasha ikichanwa mbele yake, akasikia jina la kampuni na bei yake kwa sauti, sasa anatazama tarakimu zinazopanda kwenye skrini ukutani; bei huenda ikawa bora, lakini ushahidi wa macho na masikio, uliokuwa ukimpa utulivu wa moyo, umebadilika sura. Ni nini kifanywe ili mkulima aiamini skrini kama alivyoiamini bahasha? Hilo ni swali halali la usanifu, limezaliwa Newala, na mtu aliyelelewa San Francisco asingelijua hata angepewa mwaka mzima wa kukisia.

Tuseme sasa, kwa mfano, kijana wetu ameamua kushughulikia sehemu moja ndogo tu ya njia hiyo ndefu, nayo ni ujumbe mfupi wa simu unaomjulisha mkulima kuwa mzigo wake umeuzwa. Nasema sehemu ndogo kwa makusudi, kwa kuwa jalada linaloahidi kuubadilisha mfumo mzima wa korosho kwa skrini arobaini humfanya msaili atabasamu kwa adabu na kutazama saa. Kijana aanze kwa kuomba ruhusa ya viongozi wa chama, aketi ghalani siku ya mizani, asiulize chochote kwa saa ya kwanza, atazame tu: nani anashika simu ya kitochi na nani simu janja, nani anaisoma mwenyewe na nani anaikabidhi kwa mjukuu, ni tarakimu ipi inayotafutwa kwanza na kidole. Baadaye ndipo aulize, na swali lililo bora ni lile linalomtaka mtu aoneshe badala ya kueleza, kama vile kumwambia, "Mama, nioneshe ujumbe wa mwisho uliopokea, unifahamishe wewe ulielewa nini."

Ujumbe mmoja wa SMS una nafasi ya herufi 160, na menyu za kubonyeza nyota na alama ya reli, zile ambazo kwazo watu wengi hutuma fedha, hazizidi herufi 182 kwa ukurasa, tena huduma hukatika yenyewe mtumiaji akikawia. Msanifu afanyaye kazi ndani ya mipaka hiyo hana rangi wala picha za kumwokoa; ana maneno na mpangilio wake tu. Tuchukue hesabu ya kubuni: kilo 412, bei shilingi 3,850, makato shilingi 240 kwa kila kilo. Rasimu ya kwanza ya kijana huenda ikaanza kwa "Ndugu mkulima mpendwa," ikafuata namba ya mnada, namba ya ghala na jina refu la chama, hata kiasi cha fedha kikaangukia mkiani ambako kitochi hakioneshi mpaka ushuke chini. Rasimu ya nne ikasomeka hivi: "Utapokea Sh 1,487,320. Kilo 412 x Sh 3,850, toa makato Sh 98,880." Jalada lioneshe rasimu zote nne, moja baada ya nyingine, na chini ya kila moja sentensi mbili za kusema ni nani aliyekwama na alikwama wapi. Ukurasa huo mmoja, usio na rangi hata moja, una uzito kuliko picha ishirini za programu za kufikirika.

Kwani wasaili watauliza nini? Wataanza na kwa nini. Kwa nini kiasi cha kupokea kimetangulia kilo, ilhali karani wa chama huanza na kilo? Kwa nini makato yamejumlishwa na hayakuchambuliwa, wakati huenda ni hayo hasa yanayowatia wakulima wasiwasi? Hapo kijana asijitetee kama mshitakiwa. Aseme alichokipa kipaumbele, alichokiacha, na gharama ya kukiacha: kwamba uchambuzi wa makato haukuenea katika herufi 160, na kwa hiyo alipendekeza ubandikwe ukutani ghalani kwa maandishi makubwa, na kwamba bado hana hakika kuwa karatasi ya ukutani inatosha. Msaili mjuzi huthamini jibu lenye mpaka wake kuliko jibu linalodai kukamilika, kwa sababu kazi halisi haina siku inayokamilika.

Kisha watauliza, ulipimaje? Jakob Nielsen, ambaye pamoja na Norman walianzisha kampuni ya ushauri mwaka 1998, aliandika mwaka 2000 kwamba majaribio na watumiaji watano hufichua sehemu kubwa ya kasoro za kiolesura, na kauli hiyo imekuwa hirizi ya kila mwanafunzi wa fani hii. Hirizi hiyo ivaliwe kwa hadhari. Watu watano waliopatikana stendi ya Newala mjini, wote vijana, wote wenye simu janja, si watano wa kukutosha. Nielsen mwenyewe alieleza kwamba makundi ya watumiaji yanapotofautiana sana, kila kundi lahitaji watu wake. Katika uwanda wa Newala yupo bibi anayefahamu Kimakonde kuliko Kiswahili, na upande wa Masasi wapo Wamakua na Wayao wenye lugha zao. Yupo mke ambaye korosho ni zake na namba iliyoandikishwa ni ya mumewe. Yupo mzee ambaye macho yake yameshindwa na herufi ndogo lakini akili yake ya hesabu haijashindwa na kitu. Kijana atakayesema mbele ya jopo, "Nilijaribu na watu wanane, na kati yao hakukuwa na mwanamke aliyeandikisha namba yake mwenyewe, jambo ambalo ninaliona kuwa upungufu wa utafiti wangu," amewaonesha kwamba anajua kazi.

Wala mtu wa kusini asiambiwe kwamba utafiti wa watumiaji ni fasheni ya kigeni, kwa kuwa gharama ya kuukosa imeandikwa katika ardhi ya jirani. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza waliazimia kulima karanga Tanganyika katika ekari zaidi ya milioni 3, na Nachingwea, inayopakana na Masasi, ikawa miongoni mwa mashamba hayo. Ujumbe uliokuja kuchunguza ardhi mwaka 1946 ulimaliza kazi kwa wiki chache. Kazi ikaanza mwaka 1947, matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kuteketeza mamilioni ya paundi. Mvua haikunyesha kama ilivyoandikwa katika makabrasha, udongo wa Kongwa, shamba jingine la mradi huo, ukawa mgumu kama saruji, na wakulima waliokwisha kuifahamu ardhi hiyo tangu mababu hawakuulizwa. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ikabaki, na leo ndiyo inayosafirisha korosho. Kijana akiulizwa usailini kwa nini utafiti hupewa muda mrefu kuliko uchoraji, anao mfano wa kwao, wenye tarehe.

Uko mfano mwingine, wa kale zaidi na wenye utata. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na kisha akapanda hadi Newala, akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Na katika mambo aliyoyafanya, moja lilikuwa ni kuwapa watu karatasi na penseli ili wachore wenyewe waliyoyajua. Kwa upande wa mbinu, hakuna msanifu wa leo atakayelikosoa: mpe mtu kalamu, akuchoree anavyoliona jambo. Lakini ilikuwa ni mwaka mmoja tu baada ya misheni ya Masasi kuchomwa moto katika Vita vya Maji Maji, na mgeni huyo alisafiri kwa hifadhi ya dola ya Kijerumani. Aliyeombwa kuchora, au kusimama mbele ya kamera, alikuwa na uhuru gani wa kusema hapana? Ndiyo maana naliweka suala la idhini mbele kuliko wanavyoliweka walimu wengi wa fani hii. Picha ya stakabadhi ina jina la mtu, kilo zake na pengine namba ya akaunti yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimruhusu mtu kuzitandaza taarifa za namna hiyo kwa kuwa tu alikuwa na nia njema ya kupata ajira. Majina yafutwe, tarakimu zibadilishwe, nyuso zisioneshwe bila ya ruhusa, na jalada liseme wazi kuwa hayo yamefanyika. Nimeona majalada ambamo mkulima ameanikwa kwa jina na sura kama kitambaa dukani, na sioni kwa nini msaili wa benki amkabidhi mtu wa namna hiyo siri za wateja wake.

Linabaki jambo ambalo vitabu vya kigeni havilifahamu, nalo ni adabu. Kijana aliyelelewa katika miji yetu, aliyepita jandoni au unyagoni, amefundishwa kutojisifu mbele ya wakubwa. Akiketi mbele ya jopo la watu wa umri wa baba na mama zake hujikuta akisema "tulifanya" na "ilionekana," hata wasaili wakashindwa kujua yeye alifanya lipi. Simshauri aitupe adabu yake. Aingie, aseme "Shikamooni," angoje kuketishwa, amwite mkuu wa jopo mwenyekiti. Kisha aeleze vitendo bila ya sifa. "Nilikaa ghalani siku tatu." "Nilifuta maneno haya." "Mwenzangu alichora, mimi niliandika maneno." Hakuna majivuno katika sentensi kama hizo. Na akiulizwa, kama wanavyopenda kuuliza, atoe mfano wa siku alipoipinga rai ya mkubwa wake, asiseme haijapata kutokea. Aeleze jinsi alivyokwenda kwa mkubwa huyo faraghani, akamwekea rasimu mbili mezani pamoja na maneno ya watumiaji, akamwachia nafasi ya kuamua. Hivyo ndivyo upinzani unavyofanywa kwetu, na ofisi yenye busara itaona kuwa ni ustadi.

Kuhusu siku yenyewe ya kuwasilisha, maneno machache yanatosha. Kesi mbili zilizoiva ni bora kuliko saba mbichi. Katika muda wa dakika arobaini na tano, theluthi moja iachiwe maswali, na kesi ya kwanza iwe ile unayoweza kuisimulia hata umeme ukikatika. Maana ukisailiwa kwa njia ya video ukiwa Masasi, umeme unaweza kukatika kweli. Nakala ya jalada ihifadhiwe kama PDF ndani ya kompyuta na nyingine ndani ya simu, vifurushi vya intaneti vya mitandao miwili viwe tayari, na namba ya simu ya mratibu wa usaili iandikwe kwenye karatasi. Michoro iliyopigwa picha kutoka daftarini haina aibu, ilimradi inasomeka. Kampuni nyingi binafsi husaili kwa Kiingereza. Basi eleza kwa Kiingereza, lakini maneno ya wakulima yaache kama yalivyosemwa, na tafsiri yake chini. Fanya mazoezi mbele ya mtu asiyeijua fani, shangazi au mwalimu wa shule ya msingi, na pale anapokunja uso ndipo penye kazi.

Zoezi la nyumbani nalo lina mpaka wake. Kampuni ikikupa tatizo la kubuni ulimalize kwa jioni moja, fanya. Ikikutaka uisanifie bidhaa yake nzima bila ya malipo kwa kisingizio cha usaili, uliza kwa upole ni saa ngapi wanatarajia uzitumie, kisha toa kazi ya saa hizo na si zaidi. Na wao pia waulize: nani anaongea na watumiaji wenu, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Jibu lake litakufahamisha kama unakwenda kusanifu au kupaka rangi maamuzi ya wengine.

Viongozi wa vyama vya msingi nawaomba jambo moja, nalo halina gharama: kijana akija na barua ya chuo au ya serikali ya kijiji akaomba kukaa kando ya mizani kutazama, mumpe kiti, na mumwonye juu ya siri za wanachama. Nawe kijana, minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na makarani wakishaingia kwenye foleni za magunia hawana tena nafasi ya kujibu maswali ya mtu. Atakaye kesi ya kuwaonesha wasaili mwezi Januari, na aipeleke barua yake ofisini kwa chama kabla ya Septemba kwisha.